Mtungi wa Akiba Safarini: Oksijeni kati ya Kongwa na Dodoma

Oksijeni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kama dawa nyingine, ina dozi yake, ina muda wake na ina madhara ikizidi. Inatofautiana na dawa nyingine kwa jambo moja ambalo mhudumu wa wodini hulisahau kwa urahisi, kwa kuwa hapo alipo inatoka ukutani au kwenye mashine isiyokoma. Vidonge vikisahauliwa Kongwa vitanunuliwa Dodoma. Oksijeni ikiisha katikati ya Mbande na Chamwino, hakuna duka la kuinunua, na mgonjwa aliyekuwa akizungumza huanza kuweweseka ndani ya dakika chache.

Kongwa, mji unaojulikana zaidi kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kwa ranchi yake ya taifa, uko takriban kilometa 90 kutoka Dodoma mjini. Gari la wagonjwa hupita barabara ya Kongwa hadi Mbande, ambako huingia katika barabara kuu ya Morogoro na Dodoma na kuchanganyika na malori yaelekeayo Rwanda, Burundi na Kongo. Siku njema safari huchukua saa moja na nusu. Lori likipinduka, au mvua ya masika ikileta maji barabarani, hakuna anayeweza kusema itachukua muda gani. Mgonjwa wa nimonia kali, mama mwenye kifafa cha mimba au mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa husafiri njia hiyohiyo, na uhai wake unategemea chombo cha chuma kilichofungwa pembeni mwa kitanda.

Kwa sababu hiyo kila gari la rufaa hutakiwa kuwa na mtungi wa pili, uitwao wa akiba. Jina hilo lina mtego. Mitungi miwili ndani ya gari haimaanishi kwamba mmoja wao ni wa akiba.

Kuhesabu dakika, si mitungi

Mtungi wa oksijeni hauna siri. Ndani yake mna gesi tupu, si kimiminika, na kwa hiyo geji ishukapo nusu, gesi nayo imebaki nusu. Ukubwa wa mtungi hutajwa kwa lita za maji ambazo ungezichukua kama ungejazwa maji, na namba hiyo hugongwa kwenye chuma karibu na shingo. Mgandamizo husomwa kwenye geji kwa kipimo cha bari. Zidisha lita za maji kwa bari, utapata lita za oksijeni zitakazotoka. Mtungi wa lita 10 wenye bari 150 una lita 1,500. Gawanya kwa lita ambazo mgonjwa hutumia kwa dakika, utapata dakika. Geji nyingine huonyesha paundi kwa inchi ya mraba. Namba hiyo ikigawanywa kwa 14.5 huwa bari, hivyo 2,000 ya geji hizo ni bari 138 hivi.

Chukua mgonjwa mtu mzima mwenye nimonia anayetumia barakoa yenye mfuko kwa lita 10 kwa dakika. Saa ya oksijeni yake haianzi gari linapotoka getini. Inaanza anapoondolewa kwenye chanzo cha wodini, na haiishi gari linapofika Dodoma, bali anapounganishwa na chanzo cha hospitali inayompokea. Dakika 20 za kumtoa wodini na kumpandisha, dakika 90 za barabara, dakika 30 za kumshusha, kusoma barua ya rufaa na kutafuta kitanda: jumla ni dakika 140. Kwa lita 10 kwa dakika, anahitaji lita 1,400.

Mtungi ule wa lita 1,500 unaonekana kutosha. Hautoshi. Hautakiwi kutumiwa hadi geji isome sifuri, kwa kuwa mtungi mtupu kabisa huingiza hewa na unyevu, na kwa kuwa rigyuleta nyingi hazitoi mtiririko wa kuaminika mgandamizo ukiwa mdogo sana. Ukiacha bari 20, lita zinazotumika ni 1,300. Mgonjwa huyu angebaki dakika 10 bila oksijeni, tena mlangoni mwa hospitali. Na kama mtungi uliopandishwa ulikuwa na bari 100, kwa sababu mtu alisema tu kwamba “upo vizuri”, lita zinazotumika zingekuwa 800, yaani dakika 80. Zingeisha maeneo ya Chamwino, mji wa Dodoma ukiwa bado mbele.

Hapa ndipo mtego wa jina unapoonekana. Kwa mgonjwa huyu mtungi wa pili wa lita 10 si akiba. Ni sehemu ya pili ya dozi. Akiba yake ni wa tatu. Kinyume chake, mtoto wa miezi minane anayepata lita 1 kwa dakika kwa mirija ya puani anahitaji lita 140 tu kwa safari hiyohiyo. Mtungi mdogo wa lita 2 uliojaa bari 150 humpa lita 260 za kutumia, karibu mara mbili ya mahitaji yake, na mtungi mwingine kama huo ni akiba ya kweli. Kwa hiyo swali la “tuna mitungi mingapi?” halina jibu kabla ya kumtazama mgonjwa. Kanuni inayofaa kwa barabara hii ni kuhesabu muda kama ilivyoelezwa, kisha kuzidisha mara mbili. Kinachotimiza muda wa kwanza ni mtungi wa safari, kinachotimiza wa pili ni akiba. Wapo wanaoona kuzidisha mara mbili ni kupita kiasi. Hao hawajakwama nyuma ya lori lililolala barabarani usiku.

Njia nyingine ya kuongeza muda ni kurekebisha dozi, na haigharimu chochote. Katika hesabu iliyo hapo juu, kila lita moja inayopunguzwa kwa dakika huokoa lita 140. Kipima oksijeni cha kidoleni ndicho kinachoongoza uamuzi huo. Mtu mzima aliyefikia asilimia 98 kwa lita 10 huenda akabaki salama kwenye asilimia 94 kwa lita 6, na ni vyema jambo hilo lijaribiwe wodini, si njiani. Kwa mtoto njiti, oksijeni kupita kiasi huharibu mishipa ya macho, kwa hiyo lengo hubaki kati ya asilimia 90 na 95. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu uliosababishwa na moshi au sigara, kati ya 88 na 92. Kongwa iko juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lakini kimo hicho hushusha kipimo cha mtu mwenye afya kwa kiasi kidogo mno. Mgonjwa anayesoma asilimia 86 hasomi hivyo kwa sababu ya uwanda wa juu, ni mgonjwa.

Kujaza

Katika miaka ya karibuni mitambo ya kuzalisha oksijeni imefungwa katika hospitali nyingi za rufaa nchini, hasa baada ya janga la UVIKO-19. Mitambo hiyo haitengenezi oksijeni; hupitisha hewa ya kawaida katika chembechembe za madini ya zeolaiti yanayonasa naitrojeni, na kinachobaki ni oksijeni ya asilimia 93 hivi, inayokubalika kwa tiba. Kisha kompresa maalumu isiyotumia mafuta huisukuma mitungini. Mtungi wa gari la Kongwa ukifika hapo, fundi sanifu hutazama mambo ambayo muuguzi naye anaweza kuyaona kwa macho: tarehe ya kupimwa uimara wa chuma iliyogongwa mabegani mwa mtungi, kutu, mbonyeo, alama za moto, na nyuzi za valvu. Mtungi uliopita tarehe yake haujazwi, hata kama unang’aa.

Lipo jambo dogo ambalo huwashangaza wengi. Gesi ikigandamizwa haraka hupata joto, na geji hupanda kwa sababu ya joto hilo. Mtungi uliojazwa kwa haraka na kusoma bari 150 ukiwa na nyuzi 50, asubuhi ya Juni au Julai yenye baridi ya Kongwa utasoma bari 135 hivi. Hakuna aliyeiba na huenda hakuna kinachovuja. Lakini lita karibu 150 zilizohesabiwa jana hazipo. Hivyo geji isomwe tena mtungi ukiwa umepoa, na namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye lebo pamoja na tarehe. Ikiendelea kushuka siku ya pili na ya tatu, hapo kuna uvujaji.

Kumimina oksijeni kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira uliobuniwa na fundi wa mtaani ni hatari, na mara nyingi hakuna faida inayodhaniwa. Mgandamizo wa mitungi miwili husawazika tu. Mtungi mkubwa wa lita 47 wenye bari 100 ukiunganishwa na mdogo wa lita 10 wenye bari 20, yote miwili huishia kwenye bari 86. Mdogo hautajaa kamwe kwa njia hiyo, na joto linalozaliwa kwenye kiungo laweza kuwasha mpira wenyewe. Kazi hiyo iachiwe wenye vifaa na mafunzo.

Katika shida, jicho huenda kwa mitungi ya wachomeleaji wa Kibaigwa au ya gereji. Isitumike. Oksijeni ya viwandani yaweza kuwa safi ilipotoka kiwandani, lakini hakuna anayejua mtungi ulirudishwa na nini ndani yake. Rangi nayo haitoshi kuwa ushahidi: mtungi mweusi wenye mabega meupe na ule mweupe mtupu yote yaweza kuwa ya oksijeni, na mitungi iliyoletwa kutoka nchi mbalimbali ina desturi zake. Lebo isomwe. Mtungi usio na lebo hauunganishwi kwa mgonjwa.

Wazamiaji wa Mafia, Pemba na Unguja wanalo somo katika jambo hili, na wanalo onyo. Baadhi yao hubeba mtungi mdogo wa pili wenye rigyuleta yake, ili mkubwa ukigoma wapande juu salama. Na wale waingiao katika mapango ya chini ya maji hugawa hewa yao mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu haliguswi. Fungu hilo la tatu halimo katika mpango wa safari. Ndivyo akiba ya gari la wagonjwa inavyopaswa kuwa. Onyo ni kwamba mtungi wa kawaida wa mzamiaji una hewa tuipumuayo sote, yenye oksijeni asilimia 21, hivyo si tiba. Na kompresa zinazojaza hewa hiyo nyingi hulainishwa kwa mafuta. Mtungi wa oksijeni ukipelekwa kwenye kompresa ya namna hiyo, mafuta na oksijeni vikikutana kwenye mgandamizo mkubwa huwaka bila kiberiti.

Kubeba

Mafuta ndiyo adui wa kwanza. Losheni mikononi mwa muuguzi, vaselini kwenye midomo ya mgonjwa, grisi iliyopakwa kwenye valvu na dereva mwenye nia njema kwa kuwa ilikuwa ngumu: vyote hivi vimezuiliwa. Midomo iliyokauka ipakwe kilainishi chenye asili ya maji. Valvu ikiwa ngumu irudishwe kwa fundi. Uvujaji ukishukiwa hutafutwa kwa kimiminika maalumu au maji ya sabuni isiyo na mafuta, kamwe si kwa moto.

Kabla ya kufunga rigyuleta, valvu hufunguliwa kidogo sana kisha kufungwa, ili vumbi lililoingia shingoni lipeperuke. Na katika wilaya yenye vumbi kama Kongwa hatua hiyo si ya mapambo. Kisha rigyuleta hufungwa, valvu hufunguliwa polepole, mhudumu akiwa amesimama pembeni na si mbele ya geji.

Ndani ya gari la wagonjwa mtungi hukaa kwenye kishikizo chake, umefungwa mikanda miwili, juu na chini. Ugumu huanza pale mama anaposafirishwa kwa gari la kukodi. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 na unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115, hutumia pia magari ya madereva wa jamii mahali ambapo gari la wagonjwa halipo karibu. Gari hilo halina kishikizo. Mtungi wa lita 10 wa chuma una uzito wa kilo 15 hivi, na breki ikikanyagwa ghafla huruka kama jiwe la manati. Usisimamishwe kati ya miguu ya ndugu wala kupakatwa. Ulazwe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, ukikingama upana wa gari, uzuiwe pande zote kwa mablanketi yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Valvu isiguse mlango. Ule wa akiba usafiri valvu ikiwa imefungwa. Madirisha yafunguliwe kidogo, asivute mtu sigara, na kama dereva alikuwa na gunia la mkaa au dumu la petroli kwenye buti, vishushwe kabla ya safari. Ndugu watanung’unika kwamba wanacheleweshwa. Waelezwe kwa upole, wataelewa.

Sababu zinazoufanya mtungi wa akiba ushindwe kazi mara nyingi si gesi. Ni ufunguo wa valvu uliobaki stoo. Ni wosha ya kuzibia iliyoanguka. Ni rigyuleta moja tu inayotakiwa kuhamishwa kutoka mtungi uliokwisha, gizani, gari likitikisika. Au rigyuleta ya aina isiyolingana na shingo ya mtungi wa pili. Ufunguo ufungwe kwa kamba shingoni mwa mtungi. Akiba iwe na rigyuleta yake mwenyewe, na ijaribiwe mbele ya mgonjwa kabla ya kuondoka: ifunguliwe, mtiririko uonekane, ifungwe. Na kwa kuwa kubadilisha huchukua dakika moja au mbili hata kwa mwenye uzoefu, ambu iwe mkononi muda wote. Ambu hupuliza hewa bila kutegemea mtungi, na mgonjwa anayeshindwa kupumua hufaidika nayo hata oksijeni ikiwa imekatika.

Kubadilisha kufanyike mapema. Mtungi wa kwanza ukifika bari 30, gari lisimame mahali salama na kazi ifanyike kwa utulivu. Kusubiri mluzi wa mwisho ni kumfanya mgonjwa awe ndiye kengele.

Mgonjwa anayeishi na oksijeni nyumbani

Wapo wagonjwa wachache, wengi wao mapafu yakiwa yameachwa na makovu ya kifua kikuu, wanaotumia oksijeni nyumbani kwa mashine ya umeme na kuhitajika kliniki Dodoma kila baada ya miezi kadhaa. Kwao mtungi wa akiba una kazi mbili: siku umeme unapokatika, na siku ya safari. Familia nayo yaweza kufanya hesabu. Anayetumia lita 2 kwa dakika, akiwa na mtungi wa lita 10 wenye bari 150, ana dakika 650, karibu saa 11. Namba hiyo iandikwe ukutani karibu na mtungi, pamoja na namba ya simu ya kituo. Mtungi ukae mbali na jiko, umefungwa kwenye nguzo au ukuta usianguke, na asiyefundishwa asiuguse.

Basi la abiria si mahali pa mtungi. Kondakta ataukataa, na ana haki: buti huwa na joto, mizigo huhamishwa na mikono isiyojua imeshika nini. Mgonjwa wa namna hiyo apangiwe gari la hospitali au gari dogo la binafsi, au azungumze na daktari wake kama mashine ndogo ya betri inaweza kumfikisha. Anayetakiwa kwenda Dar es Salaam kwa ndege aombe kibali cha shirika la ndege siku kadhaa kabla, akiwa na barua ya daktari. Kanuni za kimataifa huruhusu mtungi mdogo wa gesi wenye uzito usiozidi kilo 5 pale tu shirika linapokubali, na mengine hukataa kabisa mtungi wa abiria na kutoa wa kwao. Oksijeni ya kimiminika haipandi.

Baada ya kukabidhi

Gari likifika Dodoma, mgonjwa hakabidhiwi mpaka kipimo cha kidoleni kisomwe akiwa kwenye oksijeni ya wodi mpya. Ndipo mtungi wa safari ufungwe. Katika barua ya rufaa iandikwe dozi aliyotumia njiani na bari zilizobaki, kwa kuwa tarakimu hizo mbili, zikikusanywa kwa miezi michache, huipa hospitali ya wilaya picha ya kweli ya kile ambacho barabara yake hutumia. Mitungi iliyopungua ijazwe au ibadilishwe hapohapo kabla gari halijageuza, geji isomwe na muuguzi na dereva kwa pamoja. Gari linalorudi Kongwa likiwa na mitungi mitupu litaikuta simu ya rufaa nyingine ikilia.